Poshi Ishirini kwa Mwaka: Kupanga Kubadilisha Damu ya Mtoto wa SS

Muganga akimwambia mama kwamba mtoto wake wa SS ataanza kubadilishwa damu, wengi wetu tunasikia: ataongezewa damu tena. Tunaitika, tunarudi nyumbani, tunangoja siku ifike. Siku ikifika tunasimama kwenye banki ya damu tangu asubuhi, simu mkononi, tukipigia shemeji, jirani, kaka wa kanisa: "Njoo utoe damu, mtoto anangoja." Saa sita mchana tumepata mtu mmoja, na kikundi chake cha damu hakipatani na cha mtoto. Tunaambiwa turudi juma lijalo.

Wamama watatu wa chama chetu wamenisimulia siku ya namna hiyo, kila mmoja na yake. Kwa hiyo juma hili naandika juu ya kupanga. Ugonjwa wenyewe tumekwisha kuuongea mara nyingi, hasa kila tarehe 19 mwezi wa sita, siku ya dunia nzima ya drepanositozi. Namna ya kuipanga damu, bado.

Kuongeza si kubadilisha

Sote tumekwisha kuchagua maharagwe. Chukua beseni lililojaa maharagwe ambayo mengi yameoza. Ukimwaga juu yake maharagwe mazuri, beseni linafurika na mabovu yangali ndani. Lakini ukitoa kwanza vikombe viwili vya yale mabovu, kisha ukamwaga vikombe viwili vya mazuri, beseni linabaki kwa kipimo kile kile, ila ndani limegeuka. Kuongeza damu ni ile namna ya kwanza. Kubadilisha damu, ambako waganga wanakuita eshanji, ni ile ya pili.

Chembe nyekundu za mtoto wa SS zikikosa hewa zinajipinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo. Tena hazidumu. Chembe ya mtu wa AA inaishi siku 120 hivi, ya SS inaishi siku 10 mpaka 20. Ndiyo sababu mtoto wetu ana damu kidogo kila wakati, na mwili wake umezoea hivyo: emoglobini 7 au 8 kwake ni maisha ya kila siku. Ukimwongezea poshi juu ya poshi mpaka apite 10 au 11, damu inakuwa nzito na kupita kwa shida, na AVC tuliyotaka kuizuia inakaribia zaidi. Akibadilishwa, emoglobini haipandi sana, lakini sehemu ya damu yenye S inashuka. Kwa mtoto anayelindwa na AVC, waganga wanatafuta ishuke chini ya 30 kwa 100.

Kuna jambo la chuma pia. Kila poshi ya damu inaleta ndani ya mwili miligramu 200 mpaka 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kukitolea nje. Mtoto anayeongezewa damu miaka na miaka, chuma kinalala katika ini lake na katika moyo. Katika kubadilisha, damu inayotolewa inatoka na chuma chake, basi kinachobaki ni kidogo. Hata hivyo kinabaki, na kipimo cha feritini kinatakiwa kufanywa mara kwa mara. Kikipanda sana kuna dawa za kukitoa.

Katika hospitali kubwa za Ulaya kuna mashine inayotenga chembe nyekundu za mgonjwa, inazitoa na kuweka za mtoaji kwa wakati mmoja. Inafanya kazi vizuri lakini ni ya bei kali. Njia nyingine ni ya mkono, na haidai vitu vya ajabu: poshi tupu ya kupokea damu inayotoka, mizani ya kuipima, serumu, poshi za damu nzuri, mishipa inayopatikana, na watu waliofundishwa kazi hiyo. Infirmie anatoa kipimo fulani cha damu, anaweka serumu ili mtoto asianguke presha, anatoa tena, kisha anaingiza damu ya mtoaji. Kazi inachukua saa kadhaa. Mtoto aliye na damu kidogo mno hatolewi kwanza. Anaongezewa kidogo, ndipo wanaanza kutoa. Na mara ya kwanza S haishuki yote. Mara nyingi vipindi vya mwanzo vinafuatana karibu karibu, halafu vinaachana kwa majuma manne mpaka sita.

Si kwa kila maumivu

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu nasikia wamama wanaoomba damu kila mtoto anapolia mifupa. Maumivu ya kawaida ya SS yanatibiwa kwa dawa za maumivu, maji mengi na joto. Macho ya njano peke yake hayadai damu. Kila poshi ina hatari yake, nitazitaja mbele. Kubadilisha damu kwa mpango ni kwa watoto wa hali fulani: aliyekwisha kupata AVC, ambaye ekografi ya mishipa ya kichwa, ile wanayoita dopla, imeonyesha kwamba damu inapita mbio kuliko kipimo, anayetazamiwa kupasuliwa operesheni kubwa, aliyepatwa na shambulio baya la kifua. Kuna pia wamama wa SS wenye mimba ambao muganga anaona wanahitaji. Anayeamua ni yeye muganga, baada ya vipimo.

Juu ya dopla nataka mjue habari moja. Huko Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 1998 ulichukua watoto 130 wa SS ambao dopla yao ilikuwa mbaya lakini hawajapata AVC. Nusu hivi walipewa damu kwa mpango, S ikishushwa chini ya 30 kwa 100. Wengine walitunzwa kwa njia ya kawaida. Katika kundi la kutunzwa kawaida, watoto 11 walipata AVC. Katika kundi la damu, mtoto 1. Baadaye wakauliza: je, tukiacha baada ya miaka kadhaa? Jibu likatoka mwaka 2005. Kati ya watoto 41 walioachishwa damu, dopla ya 14 ilirudi kuwa mbaya, na wengine 2 walipata AVC. Walioendelea, hakuna hata mmoja.

Nimerudia hesabu hizo kwa sababu zinaonyesha mahali penye hatari kwetu. Damu inamlinda mtoto muda ule tu inapofika kwa wakati. Kipindi kilichokosewa kwa sababu hatukupata mtoaji, na kingine tena mwezi uliofuata, ni sawa na kumwachisha bila kukusudia.

Kalenda ya ukutani

Katika darasa langu la tano kuna mtoto wa kiume ambaye anaandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anaandika kwa wa kuume, tena vizuri, mpaka usiku ambao upande huo ulilala. Mama yake alikuja kuniona juu ya siku ambazo mtoto anakosa shule, na tukajikuta tumekaa na kalenda ya parokia mezani, tunahesabu.

Mtoto huyo ana kilo 25. Muganga alisema abadilishwe kila majuma matano, na kwa uzito wake anahitaji poshi mbili kila mara. Mwaka una majuma 52. Gawanya kwa matano, unapata vipindi kumi. Kumi mara mbili, poshi ishirini. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa damu kila miezi mitatu, ni mara nne kwa mwaka. Mwanamke kila miezi minne, ni mara tatu. Wanaume watatu wanatoa poshi 12, wanawake watatu poshi 9. Jumla 21. Yaani watu sita tu wenye kushika ahadi wanaweza kumbeba mtoto huyo mwaka mzima! Mama alinitazama kama mtu asiyeamini. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigia simu watu zaidi ya arobaini, kila mara kwa kilio, kila mara wapya.

Hesabu ya darasani ni safi kuliko maisha, najua. Mtu anapata malaria, mwingine anasafiri kwenda Kolwezi kutafuta kazi, mwingine anachukua mimba. Na kuna jambo ambalo halikuwa katika hesabu yetu ya kwanza: mtoaji wa AS. Mtu wa AS ni mzima, hana ugonjwa, lakini damu yake ina S ndani. Kumwekea mtoto damu hiyo wakati tunatafuta kuishusha S ni kama kurudisha mabovu katika beseni. Katika uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 waliopimwa Kinshasa, karibu 17 kwa 100 walikuwa AS. Ni kama mtu mmoja katika kila sita. Basi katika watoaji wetu sita, mmoja huenda hafai kwa kazi hii. Afadhali kuandika majina kumi.

Hapo ndipo baba na mama wa mtoto wanajikuta pembeni, na wengi wanahuzunika. Kwa kawaida wazazi wa mtoto wa SS ni AS wote wawili. Ndiyo namna ugonjwa unavyopita. (Kwa wale ambao bado wanasema ni mama peke yake "aliyeleta": mtoto amepokea S moja kwa baba na S moja kwa mama, hakuna aliyeleta kuliko mwingine. Wala hakuna bibi mchawi katika hesabu hiyo.) Tena mafundi wa damu hawapendi damu ya mzazi au ndugu wa tumbo moja iende moja kwa moja kwa mtoto, hata kama kikundi kinapatana, kwa sababu damu inayofanana sana inaweza kuleta ugonjwa mbaya ambao ni nadra lakini unaua. Baba atoe, ndiyo, lakini damu yake iingie banki kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na mtoto apokee ya mtu mwingine.

Kujua nani ni AS, uliza kipimo. Emmel inaonyesha tu kwamba chembe zinaweza kujipinda. Haitenganishi AS na SS. Kwa kuchuja watoaji inatosha: Emmel ikisema ndiyo, mtu huyo asitoe kwa mtoto huyu. Kwa kujua hali yenyewe ya mtu, hasa kabla ya ndoa, inahitajika elektroforezi.

Masharti mengine ya mtoaji mnayajua: awe na miaka 18 mpaka 65, uzito usiopungua kilo 50, asiwe na mimba, asiwe ananyonyesha. Poshi moja ni mililita 450 hivi. Banki inapima ukimwi, hepatiti B, hepatiti C na kaswende kabla ya kuitoa kwa mgonjwa. Kijana anayesimama kwenye mlango wa hospitali akisema atatoa damu kwa pesa, tumpite. Aliye na shida ya pesa atawaficha alilofanya juzi, na kuna siku za mwanzo ambazo vipimo havioni bado virusi. Mtu wa kanisani ambaye anatoa kila miezi minne kwa hiari yake, na amepimwa kila mara, ndiye tunayemtaka.

Karatasi inayookoa

Damu haina A, B, O na Rezus peke yake. Ina alama nyingine nyingi, na mwili wa mtoto anayepokea damu ya watu wengi unaanza kuzitambua na kuzipiga vita. Alama zinazosumbua zaidi watoto wa SS ni zile wanazoita C, E na Kell. Pale ambapo labo inaweza, mtoto apimwe alama hizo mara moja kabla hajaanza, na poshi zichaguliwe kwa kuzifuata. Pale ambapo haiwezi, faida kubwa inatoka kwa wale watoaji wachache wanaorudi: watu kumi wale wale ni alama chache kuliko watu arobaini wapya.

Kwa hiyo kaye ya mtoto ni dawa kama dawa nyingine. Ndani yake kuwe na kikundi chake kamili, emoglobini yake ya siku ambazo yuko vizuri, tarehe ya kila damu aliyopewa, namba ya kila poshi, na lolote lililotokea baadaye. Piga picha kurasa zake kwa simu, kwa sababu mvua na wadogo wa mtoto havina huruma na karatasi. Siku mkifika hospitali nyingine usiku, muganga asiyemjua mtoto atasoma pale jambo ambalo wewe kwa wasiwasi ungelisahau.

Juu ya "lolote lililotokea baadaye": andikeni hili mahali panapoonekana. Kuanzia siku ya tatu mpaka majuma matatu baada ya kupokea damu, mtoto akianza kukojoa mkojo mweusi kama Coca-Cola, macho yakizidi njano, maumivu yakirudi kwa nguvu, homa, kuchoka ghafula, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo na useme tarehe aliyopewa damu. Inawezekana mwili unaivunja damu iliyowekwa, na hata ile yake mwenyewe. Inafanana na kriz ya kawaida, hapo ndipo hatari yake. Mtu akikimbilia kuongeza poshi nyingine anaweza kuwasha moto zaidi. Muganga anatakiwa kujua kwanza.

Juma la kazi

Mama wa mwanafunzi wangu sasa anahesabu kwa kurudi nyuma. Damu ya eshanji inapendwa iwe mpya, isipite juma moja hivi ikiwezekana. Basi kama siku ni Alhamisi, watoaji wawili wanakwenda banki Ijumaa au Jumatatu iliyotangulia, ili vipimo viwe vimetoka. Na wa tatu anaambiwa akae tayari. Jumanne au Jumatano mtoto anakwenda kutolewa damu kidogo ya kupima: emoglobini, na kuchanganya damu yake na ya poshi kuona kama zinapatana. Kipimo hicho hakikai siku nyingi. Mtoto aliyepewa damu karibuni, kinadumu siku tatu tu. Anayekuja Alhamisi asubuhi bila kupita labo anapoteza siku.

Bei aliuliza mapema, kwa maandishi: damu yenyewe haiuzwi, lakini poshi, vipimo, serumu na kitanda vinalipwa, kila kimoja peke yake. Pesa hiyo anaitoa kwenye likelemba, zamu yake imewekwa kabla ya juma la kubadilisha. Wenzake wa likelemba walikubali kubadilishana zamu bila maneno mengi.

Usiku wa mbele mtoto anywe maji ya kutosha, ale vizuri, alale mapema. Avae nguo za joto, kwa sababu baridi inaamsha kriz, na chumba cha damu ni baridi. Wakati kazi inaendelea, midomo au vidole vikimwashawasha, au akisikia baridi, kuwashwa ngozi, maumivu ya mgongo au kukosa pumzi, aseme wakati huo huo, hata kama infirmie anaonekana mwenye kazi nyingi. Watoto wetu wamefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Hapa tuwafundishe kusema.

Shuleni, leteni tarehe zote mwanzo wa trimesta. Mwalimu anayejua kwamba mtoto hatakuwapo Jumatano na Alhamisi za juma fulani anaweza kusogeza mtihani na kutuma somo nyumbani. Mwalimu asiyejua anaandika tu "hayupo". Tena mtoto wa SS anakunywa maji mengi na kutoka nje mara nyingi. Hilo nalo waambieni.

Kuna miezi migumu. Wakati wa mvua malaria inapanda, watoto wadogo wengi wanahitaji damu, na banki inabaki tupu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inawaamsha watoto wa SS kwa kriz, huku wanafunzi wa vyuo, ambao ni watoaji wazuri, wamekwisha kurudi kwao. Kwa miezi hiyo andikeni majina zaidi.

Na kama damu haipatikani kabisa? Muulizeni muganga juu ya idroksiyure. Ni kidonge cha kila siku. Utafiti uliofanywa katika nchi nne za Afrika, na Kinshasa ikiwamo, ukatangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto 606 walioanza dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya damu, na vifo. Kwa watoto wengine ambao damu ya mpango imewalinda mwaka mmoja au zaidi na mishipa ya kichwa haijaharibika, muganga anaweza hata kuwahamishia polepole kwenye kidonge hicho. Inadai vipimo vya damu vya kila mara, na mama asiianzishe wala asiiache peke yake.

Katika chama chetu tuna wamama watano wenye watoto wa SS tunaowajua, na wawili kati ya watoto hao wanabadilishwa damu. Kwa hesabu ya kalenda, hao wawili wanahitaji majina ishirini. Kaye iko kwa katibu tangu Jumapili iliyopita, na ina majina saba: wanawake watano na wanaume wawili. Waume zetu wajue kwamba wao ndio wanaoweza kutoa mara nne. Anayetaka kuandikwa alete fishi ya kikundi chake cha damu. Asiye nayo, na asiyejua Emmel yake, aandike jina tu, tutakwenda kupimwa pamoja Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya likelemba.